Mzee Asiyeweza Kujizuia: Tuache Kumgomba, Tutazame Saa



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza khabari za kuchuma, kuanika, kutenga makonyo na kupeleka karafuu kituoni. Leo twaomba radhi tuingie ndani ya nyumba, tena hata chumba cha ndani ambacho mgeni hakaribishwi. Twataka kuzungumza khabari ya mzazi aliyeingiwa na maradhi ya kusahau, akafika hadi ya kutoweza kuzuia haja ndogo wala kubwa.

Huenda mwanachama akauliza, jambo hili lina uhusiano gani na karafuu? Uhusiano upo, tena mkubwa. Msimu uliopita, tulipokuwa tukiandika majina ya wachumaji, walikuwapo wanachama waliokuja siku moja wakakosa siku tatu. Tulipowauliza, jawabu lilikuwa moja: "Nyumbani kuna mgonjwa." Hakuna aliyesema mgonjwa wa nini. Sisi tukaandika "udhuru" daftarini, tukapita. Hatukuijua sura ya udhuru huo mpaka ulipotufikia wenyewe.

Yaliyotufika

Mzee wetu alikuwa mkulima wa karafuu tangu ujana wake, na mtaani akijulikana kwa usafi. Alikuwa haketi juu ya msala mpaka autazame vizuri. Miaka mitatu nyuma alianza kusahau: kwanza majina ya watu, kisha njia ya shambani, kisha kama amekula au hajala. Hayo tuliyachukua, tukasema ni uzee. Usiku mmoja katikati ya msimu, karafuu kavu zimo chumbani zangoja gari, tuliamshwa na sauti ya maji. Tulimkuta mzee amesimama gizani katika chumba cha karafuu, anakojoa juu ya magunia.

Tulipiga kelele. Twasema kweli, kwani makala haya hayatakuwa na faida ikiwa tutajifanya wema. Tulimwambia mzazi wetu maneno ambayo mtu hamwambii hata mwanawe. Naye alitutazama, akatazama sakafu, akauliza, "Nani kafanya haya?" Hakuwa akisema uwongo. Alikuwa hajui.

Gunia moja liliroa lote. Asubuhi jirani mmoja alitushauri tulianike tena. Likisha kukauka, nani atajua? Wachumaji walikuwa wakitudai, na shauri lile lilitutamanisha. Lakini karafuu hutiwa katika vyakula vya watu tusiowajua, na mnunuzi hutuamini. Tukazitia shimoni. Hasara ile ilipimika kwa kilo, kwa hiyo ndiyo iliyotuuma siku ile. Hasara ya maneno tuliyoyasema tuliiona baadaye.

Jambo hili lilitokea tena mara mbili. Ndipo dada yetu, ambaye ndiye anayekaa na mzee mchana kutwa, alipotwambia: "Kaka, mwamgomba bure. Hebu tazameni ule mlango." Tukautazama. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa ya udongo, na choo kilikuwa uani. Mlango wa choo kile ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi ya buluu. Tulipojenga nyumba ya matofali, mlango ulikuwa bado mzima, tukaufunga katika chumba cha karafuu. Basi mzee hakuwa na ufidhuli wowote. Alikuwa akiamka usiku, akiutafuta mlango wa buluu alioujua kwa miaka mingi, akiufungua, na akifanya kile ambacho mtu hukifanya nyuma ya mlango ule.

Tuliung'oa mlango, tukaufunga kwenye choo, na taa ya choo tukaiacha ikiwaka usiku kucha. Tangu siku ile karafuu zetu hazikuroa tena.

Ni maradhi, si utovu wa adabu

Mlango ulituondolea jambo moja tu, na mengine yakabaki. Lakini ulitufunza kwamba nyuma ya kila ajali iko sababu, na sababu hutafutwa kwa kutazama, wala haitafutwi kwa kugomba. Kwa hivyo tuliuliza hospitali, tukawauliza wauguzi na watu wenye uzoefu, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Mwaka 1906 dakitari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza madakitari wenziwe khabari ya mwanamke mmoja aliyepoteza kumbukumbu, na mabadiliko aliyoyakuta katika ubongo wake baada ya kufa. Maradhi yaliyopewa jina la dakitari huyo ndiyo sababu kubwa kupita zote ya hali hii, ambayo madakitari huiita dimenshia. Sababu nyingine ni mishipa ya damu ya ubongo kuharibika, khasa kwa watu wenye presha na sukari. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa na hali hii ulimwenguni, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Basi hatuko peke yetu. Si laana, si jini, wala si jirani aliyeturoga.

Mtu mzima akitaka kwenda haja hufanya mambo mengi bila ya kujua kuwa anayafanya. Huhisi kibofu kimejaa, hukumbuka choo kilipo, huenda, huijua nguo inavyofunguliwa, hungoja mpaka awe tayari. Ubongo ukiugua, kiungo chochote katika mnyororo huo chaweza kukatika. Mmoja hahisi mpaka maji yamekwisha kutoka. Mwingine ahisi lakini hakioni choo. Wa tatu akiona choo lakini vifungo vya suruali vimemshinda. Ajali zao zafanana, na dawa zao ni mbali mbali.

Kwanza, hospitali

Msiseme "ni uzee" mkakaa. Mzee aliyekuwa akijizuia jana, na leo hawezi, apelekwe kwa dakitari. Huenda ana maradhi ya njia ya mkojo, na kwa wazee maradhi haya mara nyingine huja bila ya homa kali, ila mtu huchanganyikiwa ghafla kupita kawaida yake. Huenda sukari imepanda. Kwa mwanamume, huenda tezi dume imevimba: mkojo hutoka matone matone, na tumbo la chini hujaa na kuuma. Hali hiyo haingoji kesho. Kwa mama, misuli iliyolegea kwa uzazi yaweza kuwa sababu. Damu katika mkojo, homa, au maumivu, hayo nayo ni ya dakitari.

Chukueni dawa zote anazotumia mzee mkamwoneshe dakitari. Zipo dawa za presha ambazo kazi yake ni kutoa maji mwilini. Mzee akizimeza jioni atakojoa usiku kucha. Lakini msiziache wala kubadilisha saa kwa shauri lenu wenyewe. Ulizeni.

Na kabla ya kwenda, fanyeni kama tufanyavyo na pishi za wachumaji: andikeni. Kwa siku tatu andikeni saa aliyokunywa, saa aliyokwenda haja, na saa aliyoroa. Daftari letu la siku tatu lilitufaa zaidi kuliko maelezo yetu ya mdomo, na tutakuja kueleza kwa nini.

Msimnyime maji

Hapa wengi twakosea, na sisi tulikosea. Twafikiri akinywa kidogo atakojoa kidogo. Kumbe mkojo mzito huchoma kibofu na kumfanya atake haja upesi zaidi. Ukosefu wa maji huleta choo kigumu, huongeza khatari ya maradhi ya njia ya mkojo, na humzidishia kuchanganyikiwa. Mpeni maji, uji na maji ya matunda mchana kutwa, kidogo kidogo. Kinachopunguzwa ni chai na kahawa kali nyakati za jioni, na kinywaji kingi saa mbili kabla ya kulala.

Choo kigumu nacho kina hila yake. Kinyesi kilichokaa hukisukuma kibofu. Na pengine choo cha maji huvuja pembeni mwa kile kigumu, nasi tukadhani ni tumbo la kuharisha tukampa dawa ya kufunga, tukazidisha ubaya. Mzee asiyepata choo siku nyingi, kisha akaanza kuvuja, aonwe na dakitari. Mapapai, mboga za majani, maji, na kutembea kidogo vyasaidia. Na aketishwe chooni baada ya chakula cha asubuhi, kwani saa hiyo tumbo huamka.

Saa ndiyo dawa

Daftari lilituonesha kwamba mzee wetu huroa karibu kila baada ya saa mbili na nusu, na mara nyingi muda mdogo baada ya chai. Basi tukaanza kumpeleka kila baada ya saa mbili, kabla ya kuombwa. Anapoamka, baada ya kila chakula, na kabla ya kulala, nyakati hizo haziachwi. Nyumba zetu zina bahati ya kuwa na adhana, ambayo hutukumbusha hata pale tunaposahau sisi wazima.

Namna ya kumwita ina elimu yake. Ukimwuliza, "Baba, wataka kwenda chooni?" atasema hapana, kwani aona haya au hakuelewa. Ukimburura atakupiga bakora. Dada yetu humwambia, "Baba, twende ukatawadhe." Huinuka mara moja. Neno hilo limekaa mahali ambapo maradhi hayajafika. Akisha kufika chooni, mwili wajua kazi yake. Mwacheni akae, msimharakishe. Kumimina maji katika ndoo kwa sauti kwasaidia.

Jueni pia dalili zake. Yuko anayevutavuta nguo, yuko anayesimama na kuketi, yuko anayezunguka ukumbini kama aliyepotewa na kitu. Wa kwetu hunyamaza katikati ya maneno na kutazama mlango. Anayekaa naye ndiye azijuaye, naye aulizwe.

Nyumba na nguo

Njia ya chooni iwe tupu, isiwe na makapu wala kamba za kuanikia. Sakafu isiwe na maji. Mlango uwe wazi au uwe na rangi anayoijua, na taa iwake usiku. Kuchuchumaa ni mashaka kwa magoti ya mzee: fundi seremala aweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuwekwa juu ya choo, na gongo la kushikia likatiwa ukutani. Usiku wekeni ndoo au chombo chenye kifuniko karibu na kitanda, katika mwangaza.

Suruali yenye vifungo na mkanda iwekwe. Saruni au kikoi chafaa zaidi, na kwa mama, gauni pana au kanga. Tuliweka pia mikeka na makapu yetu mbali na pembe za ukumbi, kwani kikapu kirefu chenye mdomo mpana gizani hufanana na choo.

Kitanda na ngozi

Juu ya godoro tandikeni mpira au nailoni nzito, juu yake kanga kuukuu iliyokunjwa mara nne, kisha shuka. Yakitokea yakutokea, hutolewa kanga na shuka peke yake, godoro likabaki zima. Pampasi za watu wazima huuzwa madukani na zafaa sana usiku na safarini, lakini ni ghali, wala si badala ya kumpeleka chooni. Mzee anayeachwa katika pampasi mchana kutwa husahau kabisa kujizuia, na ngozi yake huharibika.

Kila akiroa aoshwe kwa maji na sabuni laini, mama aoshwe kutoka mbele kwenda nyuma, kisha akaushwe kwa kugusagusa bila ya kusugua. Pakeni mafuta mazito ya mgando ili maji yasiingie katika ngozi. Na hapa twawaonya wanachama khasa, kwa kuwa kila nyumba yetu ina chupa yake: msipake mafuta ya karafuu katika sehemu hizo. Ni makali, yataunguza ngozi iliyokwisha kulainika kwa mkojo.

Tazameni kila siku visigino, nyonga na mfupa wa chini ya mgongo. Wekundu au weusi usioondoka ukiuachia ni mwanzo wa kidonda. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili, na muuguzi aitwe mapema.

Haya na heshima

Mambo yote tuliyoyataja hayafai kitu kama ulimi ni mbaya. Maradhi ya kusahau huondoa majina na siku, lakini haya hubaki muda mrefu sana. Mzee hajui alilolitenda, lakini ajua kwamba amefedheheshwa. Kwa sababu hiyo wengi huficha nguo zilizoroa chini ya kitanda au darini. Ukizikuta, zioshe, unyamaze. Usizibe pua mbele yake. Usiyataje mbele ya wajukuu. Mlango ufungwe anapooshwa, na afunikwe kwa kanga sehemu zote zisizooshwa wakati ule. Tulisoma sote chuoni kwamba katika Suratul-Israa Mwenyezi Mungu ametuamrisha wema kwa wazazi wanapofikia uzee mikononi mwetu, na ametukataza hata lile neno dogo la kuudhika. Tuliihifadhi aya tukiwa watoto. Maana yake tuliipata tukiwa na ndoo mkononi saa nane ya usiku.

Wengi huuliza khabari ya sala. Masheikh wa madhehebu yetu ya Shafii wametueleza hivi: mwenye akili ambaye mkojo wamtoka daima hujisafisha, akajifunga kitambaa, akatawadha baada ya wakati kuingia kwa kila sala ya faradhi, akasali papo hapo, na kitakachotoka baada ya hapo hakimdhuru. Ama yule ambaye akili imemwondoka, huyo hana lawama. Kwa hali ya mzee wenu, mwendeeni sheikh wenu. Lakini msimwondoe mzee mkekani kwa ukali akitaka kusali. Mbadilisheni nguo, mwacheni asimame.

Mzigo ni wa nani?

Twarejea kwenye udhuru ule wa daftarini. Tukiyafunua majina, twaona kwamba waliokosa wengi ni wanawake. Katika nyumba nyingi kazi hii yote imeachiwa binti mmoja au mkaza-mwana mmoja, nao ndugu wa kiume huja Ijumaa, wakauliza hali, wakaenda zao. Mwingine yuko Unguja au Maskati, naye hupeleka fedha. Fedha twazishukuru, lakini haziamki usiku kubadilisha shuka. Sisi wenyewe tulikaa mwaka mzima hatujawahi kumwosha baba yetu, na tukajiona twamtunza. Siku dada yetu alipopata homa ndipo tulipomwosha. Tulikuwa hatujui hata kopo lawekwa wapi. Tangu hapo usiku ni wetu, mchana ni wake, na siku mbili katika wiki mchana hupokewa na ndugu mwingine, yeye dada akaenda shambani au akalala.

Pensheni ya wazee waliotimia miaka 70, iliyoanzwa na Serikali ya Zanzibar mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikaongezwa, ni haki ya mzee. Basi inunue kwanza sabuni yake, mpira wake na mafuta yake.

Katika kamati yetu wapo waliosema kwamba jambo hili ni la nyumbani, si la chama. Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Karafuu haingoji. Mchumaji mmoja akizuiwa nyumbani siku tatu, karafuu zake huchanua mtini, na hasara ni ya nyumba nzima. Kwa hivyo twatoa shauri hili, lizungumzwe katika kila tawi kabla ya mkutano ujao: katika msimu, nyumba tatu au nne zilizo jirani zipeane zamu ya kukaa na wazee wao, anayekaa leo akachumiwa kesho. Zamani tulikuwa tukisaidiana kuezeka, na hakuna aliyeuliza kama paa ni la nyumbani au la chama.

Mzee wetu hakupona, wala hatuwaahidi kwamba wa kwenu atapona. Bado huroa, mara moja au mbili kwa wiki, ambapo mwanzo ilikuwa kila siku. Jina letu amelisahau. Lakini usiku twausikia mlango wa buluu ukifunguka, kisha maji ya kopo, kisha mlango kufungwa, naye hurudi kulala. Mwanachama mwenye mzee kama huyu asione haya kutujia. Daftari letu lipo ofisini, na mfano wa ukurasa wake tutampa.

Wabillahi tawfiq.

Katibu